Namba ya kweli, nyundo ya usiku

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Ubelgiji. Ilikuwa saa nne za usiku, saa ambayo kwetu mtandao unaanza kushika vizuri kwa sababu watu wengi wamelala. Hakunisalimia sana. "Yaya," akasema, "ile Land Rover ya Papa ingali iko?" Nikamjibu kwamba iko, imesimama kwa binamu yetu kule Ndosho, na kuku ndio wenyeji wake. Akaniambia: "Basi musiguse kitu. Zaidi ya yote pale mbele, kwenye namba. Musipige rangi, musisugue."

Wasikilizaji wanaonifahamu wanajua kwamba kwa kawaida ninawaletea habari za bei ya maharagwe, barabara zilizokatika, na jamaa zinazotafuta watu wao. Leo mniruhusu niandike habari za magari ya matajiri. Kuna sababu, na sababu yenyewe hainipi sifa.

Mdogo wangu anafanya kazi katika garaji moja karibu na Antwerp. Pale hawatengenezi magari ya kila siku. Wanatengeneza magari ya zamani ya mbio na ya starehe, yale ya viti viwili, yenye pua ndefu. Kuna watu huko wanaoyakusanya jinsi mzee wa Masisi anavyokusanya ng'ombe: kila mmoja ana jina lake, ana ukoo wake, na ukoo huo unatajwa mbele ya wageni. Mengi yanauzwa mnadani. Mtu anasimama mbele na nyundo ndogo ya mti, watu wanapandisha bei kwa kuinua mkono, nyundo ikigonga basi, gari ni lako na deni ni lako.

Mwezi wa nane mwaka 2018, mnadani huko California, Ferrari moja aina ya 250 GTO ya mwaka 1962 iliuzwa kwa dola milioni 48 na zaidi. Mdogo wangu aliponitajia bei hiyo nilidhani simu imekatika na kurudi. Nilimwuliza ina nini ndani. Akacheka: "Haina hata kifaa cha hewa baridi." Bei inatokana na uchache. Magari ya aina hiyo yaliyotengenezwa hayafiki 40. Miaka ileile Ferrari ilitengeneza ndugu yake wa kawaida, 250 GTE, gari la kubeba watu wanne, na hayo yalipita 900. Kwa muda mrefu GTE ilikuwa gari la bei nafuu. Basi mafundi wakawa wanaichukua, wanakata shasi, wanaifupisha, wanaivika bati jipya lenye umbo la GTO. Wengi walisema wazi kwamba hii ni kopi. Shida inakuja kopi ikishabadili mikono mara tatu au nne, neno "kopi" likadondoka njiani, na anayenunua wa mwisho anaonyeshwa gari jekundu lenye historia nzuri.

Ndiyo maana huko namba ni kila kitu. Namba ya shasi, namba ya moteri, namba ya sanduku la gia. Zikifanana na zilizoandikwa kwenye vitabu vya kiwanda, gari linahesabiwa kuwa limekaa na viungo vyake vya kuzaliwa, na bei inapanda. Zisipofanana, bei inashuka. Na mahali ambapo tarakimu chache zinaweza kubadilisha bei ya nyumba nzima, hakukosi mtu mwenye nyundo.

Sasa nifike kwenye gari lililomfanya mdogo wangu anipigie simu. Ni Porsche 911 Carrera RS ya mwaka 1973. Kiwanda kilipanga kutengeneza magari 500 tu ya aina hiyo ili liruhusiwe kuingia kwenye mbio. Likapendwa, likafika 1,580. Kwa macho ya mtu wa kawaida linafanana na 911 nyingine za mwaka huo, limeongezewa mkia nyuma na maandishi ubavuni. Mkia unaweza kununuliwa. Maandishi yanaweza kubandikwa. Kwa hiyo RS za bandia ni nyingi kuliko mtu anavyoweza kufikiri. Ila namba ya shasi ya RS ya kweli inaanza na 911360, na imepigwa kwenye chuma ndani ya buti, ambalo kwa Porsche hiyo liko mbele.

Mwenye gari alikuwa mzee wa miaka kama sabini. Alitaka kulipeleka mnadani, akalileta garajini lichunguzwe kwanza. Mdogo wangu ndiye aliyefunua zulia la buti. Anasema hakuhitaji kifaa. Alipitisha kidole gumba juu ya namba, akasikia kwamba chuma cha pale ni laini mno kuliko chuma cha pembeni. Halafu akatazama tarakimu: ile 6 ilikuwa na tumbo nene kuliko 6 za kiwandani, na imezama ndani zaidi kuliko wenzake. Akaitwa mtaalamu mwenye kifaa cha sumaku. Nyundo inapopiga namba, chuma kilicho chini yake kinabanwa. Mtu anaweza kusaga juu mpaka pakawa kama kioo, lakini mbano ule unabaki ndani kama kovu. Kifaa kikaonyesha chini ya namba mpya kivuli cha namba ya zamani. Lilikuwa gari la kawaida.

Mzee yule alikuwa hajui. Alilinunua miaka mingi nyuma, kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Aliposomewa matokeo alikaa kwenye kiti cha plastiki cha garaji, akaomba maji ya kunywa. Halafu akauliza: "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa ninaendesha gari gani?"

"Hapo, Yaya," mdogo wangu akasema, "nikakumbuka sisi."

Nami nilikuwa nimekwisha kukumbuka, tangu alipotaja kidole gumba.

Land Rover yetu Papa aliinunua mwaka 1984 kutoka kwa shamba moja la kahawa upande wa Rutshuru. Ilikuwa imekwisha kuzeeka wakati huo. Chini ya kiti cha dereva aliweka kaye moja ya shule, amefunga kwa mpira. Ukurasa wa kwanza aliandika namba ya shasi kwa mkono wake wa kalamu ya wino, herufi kubwa. Kurasa zilizofuata aliandika kila kitu kilichoguswa: siku gani, fundi gani, kilitoka wapi, bei gani. Moteri ilipokufa mwaka 1991 akaweka ya Toyota, akaandika. Mlango wa kushoto ulitoka kwenye Land Rover ya misheni iliyoanguka, akaandika. Sisi watoto tulimcheka. Tulisema Papa ameoa motokari na ile kaye ni kitabu cha ndoa.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, volkano Nyiragongo ilipolipuka na lava ikashuka mjini, Land Rover ile ndiyo iliyotubeba kwenda Sake, watu kumi na mmoja, mbuzi mmoja na sufuria. Nyumba iliungua na kila kilichokuwa ndani, na karte roze ya gari ilikuwa ndani. Tuliporudi hatukuwa na karatasi hata moja yenye majina yetu, lakini kaye ilikuwa chini ya kiti.

Mwaka 2004, chuma cha shasi kinachoshika springi ya mbele upande wa kulia kilivunjika barabarani. Fundi alikikata chote, akachomelea kingine. Kwenye Land Rover za zamani, chuma hicho ndicho kinachobeba namba. Kwa hiyo namba ilienda na chuma kibovu, sijui kilitupwa wapi. Kibati cha ndani kilikuwa kimekwisha kupotea zamani. Papa akaandika kwenye kaye: chuma cha mbele kulia kimebadilishwa, namba haiko tena.

Mwaka 2007 akaja mnunuzi. Alikuwa Mzungu mmoja aliyetoka Kampala, anayenunua Land Rover za zamani na kuzitengeneza upya. Aliipenda yetu barabarani, akasimama, akampa Papa namba ya simu. Akataja dola 4,000. Wakati ule mdogo wangu alikuwa anamaliza sekondari, na masomo ya juu yalikuwa yanangoja pesa ambazo hazikuwapo. Mnunuzi akasema atarudi baada ya wiki moja atazame vizuri, na kwamba atahitaji namba ya shasi kwa ajili ya mpaka.

Papa alisema atamwonyesha kaye. Mimi nilikuwa na miaka 24 na nilijiona ninaijua dunia. Nilifikiri: akiiona kaye atajua moteri si yake, mlango si wake, mbele pamechomelewa, na dola 4,000 zitakuwa 1,000. Nilikwenda kwa fundi mmoja aliyekuwa na seti ya vyuma vya kupigia namba. Usiku, mdogo wangu akishika tochi, tulipiga namba kwenye kile chuma kipya. Tulipiga namba ya kweli, nilisoma tarakimu moja moja kutoka kwenye kaye ya Papa. Tukapaka matope na mafuta machafu ili paonekane pa zamani. Halafu nikaichukua kaye nikaificha darini kwa jirani. Papa hakujua lolote. Alipoitafuta nilimwambia labda watoto wameichezea.

Mnunuzi alirudi siku ya Jumamosi. Alizunguka gari mara mbili. Alipofika mbele aliinama, akafuta matope kwa kitambaa, akapitisha kidole gumba. Akamwuliza Papa kwa Kifaransa: namba hii ilipigwa lini? Papa, aliyejua namba haiko, aliinama akaiona. Nilimwona akiitazama. Tarakimu zilikuwa zile zile alizoziandika mwaka 1984. Nadhani kwa dakika moja aliamini kwamba kumbukumbu yake ndiyo iliyokosea, kwamba labda fundi wa 2004 aliokoa kile kipande cha zamani. Akajibu: ni ya kiwandani.

Yule mtu hakupandisha sauti. Alisimama, akafuta mikono, akasema maneno ambayo mpaka leo ninayasikia: gari lisilo na namba ningelinunua, maana ni jambo la kawaida kwa gari la umri huu, lakini gari lenye namba mpya siwezi kulipitisha mpakani, watasema limeibwa na mimi nitalala ndani. Akampa Papa mkono, akaondoka.

Papa hakunipiga, nilikuwa nimepita umri huo. Alikwenda kwa jirani akarudi na kaye, sijui nani alimwambia. Kwa siku tatu alinipita uani bila kuitika salamu yangu. Kilichomwuma, Mama alinieleza baadaye, hakikuwa zile dola. Kilimwuma kwamba alisema uongo mbele ya mgeni, kwa mdomo wake mwenyewe, bila kujua. Papa alifariki mwaka 2015 na jambo hilo hatukulizungumza tena.

Mdogo wangu, alipofika Ulaya, hakuzipata dola za Land Rover, alifika kwa njia ndefu nyingine. Na kazi aliyoipata ni hiyo ya kutambua nyundo za watu kama sisi.

Usiku ule kwenye simu alinisimulia kesi moja ya Uingereza ambayo wenzake garajini wanaizungumza sana. Niliitafuta mwenyewe nikaisoma. Kuna gari la Bentley aina ya Speed Six waliloliita Old Number One. Lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929, likashinda tena mwaka 1930. Baadaye wakalibadilisha, wakaliwekea moteri kubwa zaidi ya lita 8. Mwaka 1932 kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands lilipita juu ya ukingo wa njia, dereva Clive Dunfee akafa. Likatengenezwa tena, safari hii kuwa gari la kutembelea lenye paa. Miaka ikapita, likapita mikononi mwa watu, likavikwa tena umbo la mbio.

Mwaka 1990 mwenye gari alikubaliana kuliuzia kampuni moja kwa paundi milioni 10. Kampuni ikarudi nyuma, ikasema hili silo gari la Le Mans. Wakaenda mahakamani London. Jaji Otton alisikiliza mafundi na wanahistoria kipande kwa kipande. Ikaonekana kwamba la mwaka 1929 halikubaki ila vidude vidogo. La mwaka 1930, alihesabu mhimili wa pedali, ganda la sanduku la gia na nguzo ya usukani. Shasi na moteri zilikuwa za mwaka 1932. Mtu angetegemea aseme basi, ni bandia. Hakusema hivyo. Alisema huwezi kuliita gari la asili lile lililoshinda, lakini ni gari halali lenye haki ya jina lake, kwa sababu halikupotea hata siku moja: lilibadilishwa kipande leo, kipande kesho, wakati wote likijulikana ni lipi na liko kwa nani, na hakuna gari lingine popote duniani linaloweza kudai jina hilo. Kampuni ikashindwa kesi.

Niliposoma hivyo nilitoka nje nikakaa. Kuna gari lililobakiwa na mhimili wa pedali na jaji mzima amelitambua, kwa sababu njia yake yote ilijulikana. Njia ya Land Rover yetu ilikuwa imeandikwa, kurasa arobaini na kitu, kwa mkono mmoja. Mimi nikaificha darini nikaenda kutafuta nyundo.

Wapo wanaosema jaji yule alifungua mlango ambao wezi nao wanapitia, na sina uhakika kwamba wanakosea. Ukishasema historia inatosha bila chuma, mtu anaweza kutengeneza historia: barua ya zamani yenye kichwa cha kampuni iliyokufa, picha ya mbio yenye gari lililofichwa nusu na vumbi. Mdogo wangu anasema siku hizi karatasi za bandia zinamsumbua kuliko namba za bandia, maana chuma hakijui kusema uongo vizuri. Na viwanda vyenyewe vimeingia katika mchezo huo. Mwezi wa pili mwaka 1957 moto uliunguza kiwanda cha Jaguar kule Coventry, na kati ya magari 25 ya XKSS yaliyopangwa, tisa yakateketea. Mwaka 2016 Jaguar yenyewe ilitangaza kwamba itayatengeneza hayo tisa, miaka karibu sitini baadaye. Je, ni ya kweli? Yametoka kiwandani, kwa jina halali, na hakuna anayefichwa kitu. Mimi nisingeyaita bandia. Lakini nisingeyaita pia yale yaliyoungua.

Mnadani kwenyewe, anasema, usitegemee nyundo ikulinde. Nyumba ya mnada inamwuzia mwenye gari, na kitabu chake kinaandika kwa maneno mengi kwamba mnunuzi ajichunguzie mwenyewe. Anayekwenda bila mtu wa kuinama na kupapasa chuma anunue tu kwa macho, kama tunavyonunua sisi.

Maana na sisi tunanunua. Wiki mbili zilizopita, mama mmoja aliyehama na jamaa yake alinisimamisha baada ya kipindi. Mume wake alinunua pikipiki ya mtumba ili wapate cha kula, na siku ya tatu ilikamatwa: namba ya shasi ilikuwa imesagwa na kupigwa upya. Muuzaji hapatikani. Alitaka nimtafutie jina la mtu wa kumlalamikia. Sikuwa nalo. Nilimweleza tu alichonifundisha mdogo wangu, kwa pikipiki ya pili kama itapatikana: apapase namba kwenye shingo ya pikipiki kabla ya kutoa pesa, asikie kama chuma cha hapo ni laini kuliko cha pembeni, atazame kama tarakimu zimesimama mstari mmoja, alinganishe na karatasi, na muuzaji asimame pamoja naye kwenye picha. Alinisikiliza, halafu akaniuliza mimi nimejulia wapi mambo hayo. Nikasema nina ndugu fundi.

Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Jumapili nilikwenda Ndosho. Nilifukuza kuku, nikapiga picha ya namba kwa simu, mchana, bila kufuta kitu. Kutu imeingia ndani ya tarakimu sasa, na mtu asiyejua anaweza kudhani ni za zamani kweli. Nilituma picha Antwerp. Akajibu baada ya muda: "4 imepinda. Ni mimi, nilitikisa tochi."

Halafu nilichukua kaye ya Papa. Baada ya mistari yake ya mwisho kulikuwa na kurasa tupu. Niliandika: mwaka 2007, usiku, namba ya shasi imepigwa upya kwenye chuma kilichochomelewa 2004, namba ni ile ile ya ukurasa wa kwanza, imepigwa na mtoto wa mwenye gari, Papa hakujua. Nikaweka jina langu na tarehe ya kuandika. Kaye sasa iko ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na karatasi za kuzaliwa za watoto, karibu na mlango, mahali ambapo mkono unafika hata gizani.